Uongozi, Mali na Werevu wa Sam Rayburn

Mjumbe aliyekaa bungeni miaka mingi hupimwa kwa mambo matatu: uongozi wake, mali yake, na werevu wake katika siasa. Kipimo chepesi kuliko vyote ni cha mali. Aliyeingia maskini akatoka tajiri hushukiwa. Aliyetoka kama alivyoingia husifiwa. Maisha ya Sam Rayburn wa Texas, katika Marekani, yaonyesha kwamba kipimo hiki ni cha haki, lakini peke yake hakitoshi.

Rayburn alizaliwa Tennessee mwaka 1882, katika nyumba ya watoto kumi na mmoja. Mwaka 1887 wazazi wake walihamia Texas, wakalima pamba katika shamba la ekari 40, na mikono ya watoto ndiyo iliyoichuma. Mwaka 1906 alichaguliwa katika bunge la Texas, na mwaka 1911 akawa Spika wake. Mwaka 1912 alichaguliwa katika Baraza la Wawakilishi la Marekani. Alianza kazi Machi 1913, wala hakuiacha mpaka alipofariki tarehe 16 Novemba 1961. Aliketi katika kiti cha Spika kwa mara ya kwanza mwaka 1940. Kwa jumla alikikalia miaka 17 hivi, akikiacha pale tu chama chake cha Democrat kiliposhindwa. Hakuna mwingine aliyekikalia muda mrefu kama huo.

Katika mali, hesabu yake ni safi. Alipokuwa wakili kijana, wenzake ofisini walilipwa na kampuni ya reli. Yeye alikataa fungu lake, kwa sababu mtunga sheria hakosi siku ya kupiga kura juu ya mambo ya reli. Huko Washington alirudisha zawadi na kujilipia safari zake. Alipokufa aliacha akiba ya dola 15,000 hivi, pamoja na nyumba na ardhi karibu na Bonham. Mwanafunzi wake katika siasa, Lyndon Johnson, alifuata njia nyingine. Mwaka 1943 mke wa Johnson alinunua kituo kidogo cha redio mjini Austin kwa dola 17,500. Biashara ile ilitegemea leseni za tume ya serikali, na katika muda wa miaka ishirini utajiri wa nyumba ile ulihesabiwa kwa mamilioni.

Werevu wa Rayburn nao haukuwa wa maneno mengi. Alimjua kila mjumbe, haja zake na hofu zake, na ahadi aliyoitoa aliitimiza. Baina ya 1933 na 1936 alipitisha sheria za kudhibiti soko la hisa na makampuni makubwa ya umeme, na sheria ya kupeleka umeme mashambani. Mwaka 1935 shamba moja tu kati ya kumi, au karibu na hapo, lilikuwa na umeme. Miaka ishirini baadaye yaliyokosa yalikuwa machache. Tarehe 12 Agosti 1941 sheria ya kuwabakiza jeshini vijana walioandikishwa ilipita kwa kura 203 dhidi ya 202. Rayburn alitangaza matokeo upesi, akatumia kanuni kuifunga njia ya kura kurudiwa. Miezi minne haikutimia, Wajapani wakaishambulia Pearl Harbor. Januari 1961, akiwa na umri wa miaka 79, aliipanua Kamati ya Kanuni, iliyokuwa ikizuia miswada mingi, kwa kura 217 dhidi ya 212.

Lakini liko jambo la mafuta. Tangu 1926 sheria ilimruhusu mwenye kisima kuondoa asilimia 27.5 ya mapato ya kisima hicho kabla ya kutozwa kodi, na nafuu hiyo iliendelea hata baada ya gharama zake zote kurudi. Mwaka 1950 Rais Truman, rafiki mkubwa wa Rayburn, aliomba ipunguzwe, Bunge likakataa. Rayburn aliilinda nafuu hiyo kwa kuangalia ni nani aingiaye katika kamati ya kodi. Haikupunguzwa mpaka mwaka 1969, alipokuwa amekwisha kufa.

Wahenga walisema: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Rayburn hakuivutia kwake, aliivutia Texas. Yeye hakupata senti, lakini matajiri wa mafuta walipata, na pengo la hazina likazibwa na walipa kodi wengine, wakiwamo wachuma pamba kama baba yake. Mtetezi wake aweza kujibu kwamba mjumbe hutumwa na watu wa kwao, na asiyewatetea hukipoteza kiti, na pamoja na kiti uwezo wa kufanya mema yote mengine. Jibu hilo lina uzito, maana umeme wa mashambani haukuletwa na mtu aliyeshindwa uchaguzi. Hata hivyo halifuti deni. Upendeleo ukilindwa na mla rushwa, siku moja hufichuka pamoja naye. Ukilindwa na mtu mwadilifu, huazima heshima yake, ukadumu.

Basi katika mali Rayburn ni mfano wa kufuatwa, na katika werevu wachache walimfikia. Katika uongozi alikuwa mkubwa, lakini si mkamilifu. Amhukumuye mtunga sheria na afunue daftari mbili: ya kwanza ionyeshe alichotia mfukoni mwake, ya pili ionyeshe mifuko iliyojaa kwa mkono wake. Daftari ya kwanza ya Rayburn yasomeka kwa furaha. Ya pili yataka kusomwa kwa makini zaidi, kwa sababu aliyeiandika alikuwa mtu mwaminifu.