Juche: Itikadi iliyoubeba utawala wa Pyongyang

Umoja wa Kisovieti ulipovunjika mwishoni mwa mwaka 1991, wachambuzi wengi wa siasa za kimataifa waliona kuwa zamu iliyofuata ni ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Watu wa Korea, nchi ijulikanayo zaidi kwa jina la Korea Kaskazini, na sababu zao zilikuwa na uzito. Mafuta yaliyokuwa yakipatikana kwa bei ya kirafiki kutoka Moscow yalikoma, mwanzilishi wa dola hiyo, Kim Il Sung, alifariki tarehe 8 Julai 1994, na mafuriko ya mwaka 1995 yakaikuta nchi ambayo tayari ilikuwa na upungufu mkubwa wa chakula. Idadi ya waliokufa kwa njaa iliyofuata inabishaniwa hadi leo, wengine wakitaja laki kadhaa na wengine wakivuka milioni mbili. Hata hivyo hapakutokea maasi ya umma, jeshi halikuipindua serikali, wala chama tawala hakikupasuka.

Ni kweli kwamba makambi ya wafungwa wa kisiasa, ambako mtu angeweza kufungwa pamoja na wazazi na watoto wake kwa kosa la mmoja wao, na misaada ya China, vilichangia sana. Lakini Romania ya Nicolae Ceaușescu nayo ilikuwa na polisi wa siri wa kuogofya, na ilianguka ndani ya siku chache za Desemba 1989. Kwa hiyo haiwezekani kueleza uhai wa utawala wa Pyongyang bila kuitazama kwa makini itikadi yake, yaani ule mfumo wa mawazo ambao dola huutumia kujieleza na kujihalalisha, ambao huko huitwa Juche.

Mizizi ya Juche imo katika ugomvi wa ndani ya chama zaidi kuliko katika falsafa. Kim Il Sung alirudi Korea mwaka 1945 akiwa ametumikia katika brigedi ya Jeshi Jekundu mashariki ya mbali ya Urusi, na chama alichokuja kukiongoza kilikuwa mkusanyiko wa makundi yasiyoaminiana: Wakorea waliolelewa katika Umoja wa Kisovieti, wale waliopigana bega kwa bega na Mao Zedong huko Yan'an, wakomunisti waliobaki nyumbani wakati wa ukoloni wa Japani, na wenzake mwenyewe waliokuwa wapiganaji wa msituni huko Manchuria. Tarehe 28 Desemba 1955, miaka miwili tu baada ya vita vya Korea kusimamishwa, alitoa hotuba mbele ya watendaji wa propaganda akiwashutumu wanaoiga ya wageni bila kufikiri. Mifano aliyoitoa ilikuwa midogo lakini yenye kuchoma: nyumba ya mapumziko ya jeshi iliyopambwa kwa picha ya nyika za Siberia ilhali Korea ina milima yake mizuri, na shule iliyotundika ukutani picha za Pushkin na Mayakovsky bila Mkorea hata mmoja. Walengwa walijijua. Hotuba iliyosikika kama utetezi wa utamaduni wa taifa ilikuwa pia silaha dhidi ya wapinzani wenye wafadhili Moscow na Beijing.

Silaha hiyo ilihitajika mapema. Mwezi Februari 1956 kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, Nikita Khrushchev, aliushutumu utukufu wa kupindukia aliojengewa mtangulizi wake Stalin, na mwezi Agosti mwaka huohuo baadhi ya viongozi wa makundi ya Yan'an na Kisovieti walijaribu kumshutumu Kim kwa kosa lilelile ndani ya Kamati Kuu. Walishindwa, na ingawa Anastas Mikoyan wa Moscow na Peng Dehuai wa Beijing walifika Pyongyang kumlazimisha awarejeshe waliofukuzwa, subira ya Kim ilikuwa ndefu kuliko ya wageni wake. Miaka michache baadaye makundi hayo yalikuwa yamefutwa. Tangu hapo, kumtuhumu kiongozi kwa kutumia hoja iliyotoka nje ya nchi, hata kama ni ya kikomunisti, kulihesabiwa kuwa utumwa mbele ya wakubwa, na utumwa huo ulikuwa karibu sawa na uhaini.

Mwaka 1965, akiwa ziarani Indonesia, Kim aliipa Juche sura ya mafundisho kamili, akiigawa katika uhuru wa kisiasa, kujitegemea kiuchumi na kujilinda kijeshi. Vitabu vya baadaye viliongeza msingi wa kifalsafa usemao kwamba mwanadamu ndiye bwana wa kila jambo na mwamuzi wa kila jambo. Msomaji anayetafuta humo nadharia nzito hutoka mikono mitupu, kwa kuwa sentensi hiyo inaweza kuunga mkono karibu sera yoyote. Wapo waliouona utupu huo kuwa udhaifu, lakini kwa mtawala ulikuwa hazina: fundisho lisilo na maana iliyofungwa humhitaji mfasiri, na mfasiri alikuwa mmoja tu.

Kwa upande wa uchumi, kujitegemea kulikuwa zaidi kwenye mabango kuliko kwenye vitabu vya hesabu. Mwezi Julai 1961 Kim alitia saini mkataba wa ulinzi na Moscow, na kabla wiki haijaisha akatia saini mwingine na Beijing. Katika miaka yote ya uhasama kati ya majitu hayo mawili alivuna misaada kwa wote. Katika miaka ya 1970 nchi ilikopa pia kutoka Magharibi, ikiwemo Sweden, ambayo iliipelekea magari 1,000 aina ya Volvo na hadi leo haijalipwa. Wananchi hawakuambiwa habari hizo.

Hatua iliyoigeuza Juche kuwa mfumo wa kuishi, badala ya maneno ya mikutanoni, ilichukuliwa kati ya mwaka 1967 na 1974. Mwaka 1967 kundi la mwisho lenye sauti yake ndani ya chama liliondolewa, na mwaka 1974 Kim Jong Il, mtoto wa kiongozi aliyekuwa akiandaliwa kumrithi, alitangaza Kanuni Kumi za kuweka mfumo mmoja wa kiitikadi, ambazo kila raia alipaswa kuzihifadhi na ambazo kwa vitendo zilikuwa na nguvu kuliko katiba. Wakati huohuo familia zote zilikuwa zimekwisha kuainishwa kwa utaratibu uitwao songbun, unaompima mtu kwa yale babu zake waliyoyafanya wakati wa ukoloni na wakati wa vita, na kumweka katika tabaka la watiifu, la wanaositasita au la maadui. Chuo, kazi, ndoa na hata ruhusa ya kuishi Pyongyang vilitegemea faili hilo.

Itikadi hiyo ilifika kwa mtu wa kawaida kwa njia ya kikao. Kila Mkorea wa Kaskazini, tangu utotoni hadi uzeeni, ni mwanachama wa chombo fulani, kama si chama basi umoja wa vijana, wa wafanyakazi, wa wakulima au wa wanawake, na karibu kila wiki chombo hicho huketi kwa ajili ya kujikosoa na kukosoana. Mhusika husimama na daftari lake, husoma kwanza maneno ya kiongozi yanayohusu jambo lake, kisha hukiri kosa lake la wiki hiyo, labda kuchelewa kazini au kutofuta vumbi vizuri kwenye picha za viongozi zilizotundikwa nyumbani, na mwisho humtaja mwenzake mmoja na kumkosoa mbele ya wote. Watu waliokimbia nchi hiyo wameeleza mara nyingi kwamba marafiki hupatana mapema nani atamkosoa nani na kwa kosa gani dogo, ili zamu ipite bila madhara. Maelezo hayo huchukuliwa kama ushahidi kwamba watu hawaamini, na huenda ni kweli, lakini yanaonyesha pia kwamba kikao hakihitaji imani ya mtu: kinahitaji mahudhurio yake, na kinamfanya kila mmoja awe amemshitaki mwenzake kabla hajapata nafasi ya kumwambia siri. Nyumbani nako kuna inminban, kundi la kaya zipatazo 20 hadi 40 chini ya mama mmoja anayejua nani amelala wapi. Kwa msomaji wa Tanzania ni kama balozi wa nyumba kumi aliyepewa kazi ya kuripoti wageni wa usiku kwa vyombo vya usalama.

Afrika iliitazama Pyongyang ya miaka hiyo kwa macho ya urafiki. Mwalimu Julius Nyerere aliizuru mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha kutangaza siasa ya Ujamaa na Kujitegemea, na nchi iliyojijenga upya kutoka kwenye majivu ya mabomu ya Marekani ilikuwa na mengi ya kumvutia kiongozi wa taifa changa. Ceaușescu alifika mwaka 1971, na Mobutu Sese Seko wa Zaire mwaka 1974. Hawa wawili walirudi makwao na gwaride, nyimbo za kumsifu kiongozi na picha zake kila ukuta, na wakazi wa Lubumbashi, Bukavu na Goma walilazimishwa kucheza na kuimba kwa heshima ya Mobutu kama walivyofanya wenzao wa Kinshasa. Walichoshindwa kurudi nacho ni mashine iliyokuwa nyuma ya sherehe. Warumania waliendelea kusikiliza redio za nje usiku, na Zaire haikuwa na chama chenye uwezo wa kuhesabu waliohudhuria kikao kijijini. Mobutu alikimbia mji wake mkuu mwezi Mei 1997, wakati ambapo Wakorea wa Kaskazini walikuwa bado wakila majani na magome ya miti chini ya utawala uleule.

Ujamaa wa Tanzania unatoa mfano wa tatu, na pengine wenye mafunzo zaidi. Ulipokwama kiuchumi, Nyerere aling'atuka mwaka 1985, na warithi wake waliulegeza hatua kwa hatua bila nchi kutikisika, kwa kuwa Tanzania ilikuwa na sababu nyingine za kuwapo. Pyongyang haikuwa na anasa hiyo. Kusini mwa mpaka kulikuwa na Korea nyingine, yenye lugha ileile na historia ileile, iliyokuwa ikitajirika kila mwaka. Na mfano wa Ujerumani Mashariki, iliyomezwa na jirani yake mwaka 1990, ulionyesha kinachoipata nusu ya taifa inapoacha itikadi iliyoitenga na nusu ya pili. Kulegeza Juche kungekuwa ni kukubali kwamba nchi haina haja ya kuwapo.

Kwa hiyo njaa ilipoingia, itikadi iligeuzwa umbo badala ya kuachwa. Katika miaka ya 1960 Kim Il Sung alikuwa amewaahidi watu wali, mchuzi wa nyama, nguo za hariri na nyumba za vigae, ahadi ambayo sasa ilikuwa hatari kukumbushwa. Mahali pake paliwekwa lugha ya kuzingirwa: njaa ilipewa jina la Mwendo Mgumu, kwa kukumbuka safari ya majira ya baridi ya wapiganaji wa Manchuria mwishoni mwa miaka ya 1930, ili mwenye njaa ajione askari aliyezingirwa na adui badala ya raia aliyeangushwa na serikali yake. Kim Jong Il aliongeza siasa ya Songun, yaani jeshi kwanza, iliyohakikisha kwamba wenye bunduki wanakuwa wa kwanza pia katika mgao. Mwaka 1997 kalenda mpya ilianza kuhesabu miaka tangu kuzaliwa kwa Kim Il Sung mwaka 1912, na katiba ya mwaka 1998 ikamfanya marehemu huyo kuwa Rais wa Milele. Mwanafalsafa Hwang Jang-yop, aliyechangia kuliko wengi kuiandika Juche, alikuwa ameshakimbilia ubalozi wa Korea Kusini jijini Beijing mwezi Februari 1997. Kuondoka kwake kulikuwa aibu kubwa, lakini mfumo haukumhitaji tena mwandishi wake.

Kilichowaokoa wengi, hata hivyo, ni masoko yaliyoota bila idhini baada ya mgao wa serikali kukoma. Wauzaji wengi walikuwa wanawake walioolewa, kwa kuwa wanaume walilazimika kuripoti viwandani hata kama hapakuwa na umeme wala mshahara, na waliotaka kufanya biashara walilipa uongozi wa kiwanda ili waandikwe kuwa wapo. Mwezi Novemba 2009 serikali ilijaribu kuvunja nguvu ya wafanyabiashara kwa kubadilisha fedha, ikafuta sifuri mbili na kuweka kikomo cha kiasi cha kubadilisha, hivyo akiba za familia zikayeyuka. Hasira zilikuwa kubwa kiasi cha kuilazimisha irudi nyuma miezi michache baadaye. Itikadi ilijifunza kuishi na soko ambalo haikulitaja.

Kim Jong Un, aliyerithi madaraka Desemba 2011, ameonyesha ni kwa kiasi gani fundisho lenye mfasiri mmoja linaweza kupindishwa. Mwezi Desemba 2020 ilipitishwa sheria inayotoa adhabu kali, hadi kifo, kwa kuingiza na kusambaza filamu na nyimbo za Korea Kusini, ishara kwamba jirani wa kusini, wala si jeshi la Marekani peke yake, ndiye anayeogopwa. Miaka mitatu baadaye alitangaza kwamba Korea hizo mbili ni dola mbili zenye uadui na kwamba lengo la kuungana limeachwa, ingawa babu yake na baba yake walilihubiri maisha yao yote, na mwanzoni mwa 2024 tao kubwa lililojengwa Pyongyang kuadhimisha muungano huo lilibomolewa. Hakuna sauti ya upinzani iliyosikika kutoka ndani ya chama, na mtu anayetajirika upande wa pili wa mpaka, ambaye kwa miaka mingi alielezwa kuwa ndugu anayesubiri kukombolewa, sasa vikao vya kila wiki vinamtaja kuwa mgeni.