Lilinga, Tembe na Chumba cha Bibi

Wadau, kuna kitu hatukuelezwa shuleni kuhusu vita vya Wahehe na Wajerumani. Angalieni miezi. Lugalo, ambako Mkwawa alimwangamiza Zelewski na kikosi chake, ni 17 Agosti 1891. Kalenga ilianguka 30 Oktoba 1894. Mkwawa alijiua 19 Julai 1898 ili asikamatwe hai. Yote ni kiangazi! Mvua zikikatika Mei njia zinakauka, mito inapungua, na mwenye jeshi anaweza kutembea nalo. Ila miezi hiyohiyo ndiyo ya kujenga. Kwa hiyo fundi na askari waligombea msimu mmoja.

Na Mhehe alikuwa mjenzi hasa. Tembe yake haikuwa nyumba ya kumaliza. Akiongezeka mke, au kijana akikua, unaongeza vyumba pembeni kuzunguka ua. Kuta nene za miti na udongo, paa bapa lililofunikwa udongo, baridi ya Juni inaishia nje. Lilinga, yaani ngome, neno lililozaa jina la Iringa, kwangu mimi ni wazo hilohilo lililokuzwa: ukuta wa mawe kuzunguka makazi ya mtwa pale Kalenga, kando ya Ruaha Mdogo. Fikiria mikono iliyobeba yale mawe. Kisha Gavana von Schele akaja na mizinga. Mwaka 1896 Tom von Prince akaanza kujenga mji mwingine kule juu mlimani, na jina la Iringa likahamia huko pamoja na ofisi. Ukuta ulivunjwa, jina likachukuliwa. Sijui kipi kiliuma zaidi.

Nayasema haya kwa sababu tangu Mei naongeza chumba kwenye nyumba ya familia, Kihesa. Ni cha bibi, ambaye kifua chake hakiwezi tena kipupwe cha kijijini. Mimi kazi yangu iko Mbeya, kwa hiyo najenga kwa simu na kwa basi, napita Makambako usiku nikitetemeka kama kuku aliyenyeshewa.

Msingi ulikwenda vizuri, siku nne tu. Kisha matofali. Kipupwe hakina mvua lakini kina ukungu, na tofali bichi halikauki upesi. Muuzaji mmoja aliyapanga kwenye tanuri yakiwa bado na maji ndani, akachoma. Karibu nusu ya tripu ya kwanza ilipasuka. Wiki mbili zikapotea, na pesa ya kenchi ikaingia kwenye matofali mengine. Fundi naye haanzi kabla ya saa tatu, anasema udongo unamng'ata vidole. Namuelewa. Bibi amelala sebuleni muda wote huo, anakohoa, hasemi kitu.

Jumamosi tulifunga linta. Mbao za Sao Hill zimeshashushwa, bati linakuja wiki ijayo. Bati, ambalo wote tunaliita maendeleo, usiku wa Julai linageuka barafu juu ya kichwa chako, na dari sina pesa yake mpaka mwisho wa mwezi.

Bibi alizaliwa ndani ya tembe. Alitoka na fimbo yake akaukagua ukuta, akaugonga, akaridhika. Akatazama juu, akamuuliza fundi: "Mwanangu, udongo wa juu mnapandisha lini?"

Fundi akanitazama mimi.