Reli, Tanuru na Mgodi: Chimbuko la Masomo ya Awali ya Usimamizi wa Biashara

Mwanafunzi anayeanza kozi ya usimamizi wa biashara, awe Dar es Salaam, Nairobi au Philadelphia, hukabidhiwa orodha ya masomo ambayo haitofautiani sana kutoka chuo kimoja hadi kingine: uhasibu, yaani elimu ya kuandika na kufasiri hesabu za biashara, masoko, yaani elimu ya kuifikisha bidhaa kwa anayeihitaji, fedha, utumishi, ambao siku hizi huitwa usimamizi wa rasilimali watu, na juu ya hayo somo la misingi ya usimamizi lenyewe, linalofundisha kupanga, kugawa kazi na madaraka, kuongoza na kudhibiti. Orodha hiyo hufundishwa kana kwamba masomo yake yamekuwa pamoja tangu mwanzo. Historia inaonyesha vingine, kwa kuwa kila somo lilizaliwa mahali pake, kutokana na tatizo lililowaelemea watu fulani katika shughuli iliyokuwa imekua kupita upeo wa macho ya mwenye mali, na yote yakaja kukusanywa chini ya paa moja baadaye sana. Anayeyasoma bila kulijua tatizo lililoyazaa huishia kukariri majibu ambayo maswali yake hayajui.

Uhasibu ndio mkongwe wao. Mwaka 1494 mtawa wa Kifransisko aliyeitwa Luca Pacioli alichapisha mjini Venice kitabu kikubwa cha hisabati, na ndani yake akaweka sehemu inayoeleza jinsi wafanyabiashara wa mji huo walivyotunza daftari zao kwa maingizo mawili, utaratibu ambao kila muamala huandikwa mara mbili, upande mmoja kwa kile kilichopokewa na upande wa pili kwa kile kilichotolewa, ili jumla za pande zote mbili zikitofautiana kosa lijulikane mara moja. Pacioli hakuubuni utaratibu huo, kwani wafanyabiashara wa miji ya Italia walikwisha kuutumia kwa vizazi kadhaa. Sifa yake ni kuuandika kwa namna ambayo mtu asiyewahi kukanyaga Venice angeweza kujifunza. Tangu hapo mfanyabiashara aliyekuwa na mawakala katika bandari za mbali aliweza kuijua hali ya mali yake bila kuiona kwa macho.

Vitabu vingi vya kiada huruka kutoka Venice moja kwa moja hadi viwanda vya karne ya 19, na kuruka huko kunaficha jambo zito. Katika mashamba makubwa ya miwa ya Karibi na ya pamba kusini mwa Marekani, wamiliki walitunza hesabu za kazi kwa undani ambao viwanda vingi vya wakati huo havikuwa nao. Thomas Affleck, mzaliwa wa Uskoti aliyehamia Mississippi, alichapisha daftari maalumu la mashamba lililokuwa na majedwali ya kuandika uzito wa pamba iliyochumwa na kila mtumwa kila siku, pamoja na kurasa za kukadiria thamani ya kila mwanadamu aliyemilikiwa, mwanzoni na mwishoni mwa mwaka, kama vile mitambo inavyokadiriwa leo. Kupima kazi ya mtu mmoja mmoja, kulinganisha siku na siku, na kuhesabu kupanda na kushuka kwa thamani ya mali ni mbinu ambazo mwanafunzi wa leo hufundishwa kama elimu isiyo na historia. Historia inayo, na kozi inayoinyamazia haimtendei haki mwanafunzi, sembuse wale waliohesabiwa.

Somo la kugawa madaraka, kwa upande wake, lilitokana na reli. Tarehe 5 Oktoba 1841 treni mbili za abiria za Western Railroad, katika jimbo la Massachusetts, ziligongana uso kwa uso, zikamuua kondakta mmoja na abiria mmoja na kuwajeruhi wengine wengi. Reli hiyo ilikuwa ya njia moja, treni zikipishana katika vituo maalumu, na uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba haikuwa wazi nani hasa mwenye wajibu wa jambo gani. Kampuni iliigawa njia yake katika sehemu, ikampa kila msimamizi mipaka yake, na ikaweka mlolongo wa kutoa amri na kupokea taarifa.

Miaka michache baadaye tatizo hilohilo liliikabili kwa ukubwa zaidi reli ya New York and Erie, iliyokamilika mwaka 1851 na kuunganisha eneo la New York na Ziwa Erie. Msimamizi wake mkuu, Daniel McCallum, alieleza kwamba msimamizi wa reli ya maili 50 anaweza kuisimamia mwenyewe, kwa kuwa anawajua watumishi wake wote kwa sura, lakini reli ya maili 500 hugharimu zaidi kwa kila maili iwapo haina mfumo. Mwaka 1855 alisimamia kuchorwa kwa mchoro unaotambuliwa kuwa miongoni mwa michoro ya kwanza ya muundo wa kampuni. Haukuwa na visanduku vilivyopangwa kutoka juu kwenda chini kama michoro ya sasa: bodi na rais wa kampuni waliwekwa chini kabisa, penye shina, na matawi yakapanda kuelekea kwenye vituo, karakana na wafanyakazi. Simu ya maandishi iliwezesha taarifa za mwendo wa treni kufika makao makuu kwa saa badala ya siku, na takwimu hizo zikatumiwa kulinganisha utendaji wa sehemu mbalimbali za njia. Udhibiti, kwa maana ya kulinganisha kilichopangwa na kilichofanyika, ulikwisha kuwa kazi ya kila siku kabla haujapata jina katika vitabu.

Vyuo vilikuwa bado viko nyuma. Mwaka 1881 Joseph Wharton, tajiri wa madini na chuma, alikipa Chuo Kikuu cha Pennsylvania dola 100,000 ili kianzishe shule ya biashara na uchumi, na shule hiyo ndiyo ya kwanza ya aina yake katika chuo kikuu nchini Marekani. Ilifundisha uchumi, sheria na uhasibu. Usimamizi wenyewe haukuwa umekubaliwa kuwa elimu. Aliyelazimisha ukubalike alikuwa mhandisi wa Philadelphia, Frederick Winslow Taylor, ambaye kampuni ya chuma ya Bethlehem, iliyomhesabu Wharton miongoni mwa wanahisa wake wakubwa, ilimwajiri mwaka 1898.

Taylor alikuwa ameingia katika kiwanda cha chuma cha Midvale mwaka 1878, akapanda hadi kuwa mnyapara, na huko akaona kwamba mafundi walipunguza mwendo wa kazi kwa makusudi. Sababu waliijua vizuri, na yeye mwenyewe aliikiri: waliolipwa kwa kipande walipozalisha zaidi walipunguziwa bei ya kipande. Tiba aliyoipendekeza ilikuwa kuigawanya kila kazi katika vitendo vidogo, kupima kila kitendo kwa saa ya kupimia muda, kuchagua njia moja iliyo bora, na kumwondolea fundi uamuzi wa namna ya kufanya kazi ili uamuzi huo uhamie ofisi ya mipango. Katika kitabu chake cha mwaka 1911 alisimulia habari za kibarua wa Bethlehem aliyempa jina la Schmidt, ambaye, kwa kufuata maelekezo ya lini anyanyue na lini apumzike, alitoka kubeba tani 12 na nusu za chuma ghafi kwa siku hadi tani 47, na ujira wake ukapanda kutoka dola 1.15 hadi dola 1.85. Wanahistoria waliopekua kumbukumbu za kampuni walikuta kwamba simulizi hiyo ilipambwa sana. Hata ikichukuliwa kama ilivyo, hesabu yake yenyewe inatosha kumfikirisha msomaji, kwa kuwa kazi iliongezeka karibu mara nne ilhali ujira haukufika hata mara mbili.

Agosti 1911 mafundi wa karakana ya silaha ya serikali huko Watertown, Massachusetts, waligoma baada ya mwenzao kukataa kupimwa kwa saa. Mgomo ulikuwa mfupi, lakini ulilifanya Bunge la Marekani liunde kamati iliyomhoji Taylor kwa kirefu, na hatimaye likapiga marufuku matumizi ya saa hizo katika karakana za jeshi. Wakati huohuo mawazo yake yalikuwa yanaingia darasani. Shule ya biashara ya Harvard ilifunguliwa mwaka 1908 chini ya Edwin Gay, mwanahistoria wa uchumi, ambaye alimkaribisha Taylor kutoa mihadhara. Baadaye shule hiyo ilijipambanua kwa uchunguzi kifani, yaani mwanafunzi kupewa tatizo halisi la kampuni na kutakiwa kulitolea uamuzi mbele ya wenzake, mtindo uliofuata mfano wa shule ya sheria.

Mtu aliyelipa somo la usimamizi umbo ambalo bado linaonekana katika kila kitabu cha mwaka wa kwanza hakuwa Mmarekani. Henri Fayol, Mfaransa aliyezaliwa Istanbul mwaka 1841, aliajiriwa akiwa na miaka 19 katika migodi ya makaa ya mawe ya Commentry, katikati ya Ufaransa, akajijengea sifa kwa kupambana na moto uliokuwa ukizuka chini ya ardhi. Mwaka 1888 alikabidhiwa kampuni nzima ikiwa karibu kufilisika, na alipostaafu mwaka 1918 aliiacha imara. Alishikilia kwamba mafanikio hayo hayakutokana na ujuzi wake wa migodi, na mwaka 1916 alieleza kwa nini katika andiko lake kuhusu uendeshaji wa viwanda. Aliziweka shughuli za kila kampuni katika mafungu 6: ufundi, biashara, fedha, usalama, uhasibu na uendeshaji. Hilo la mwisho akalichambua katika kazi 5, ambazo ni kutazama mbele na kupanga, kuunda mfumo, kuamuru, kuratibu na kudhibiti. Atakayeiweka orodha hiyo kando ya masomo yaliyotajwa mwanzoni mwa makala haya ataona jinsi kozi ya leo inavyomdai Fayol.

Kati ya kanuni 14 alizoandika, iliyomtenga kabisa na Taylor ni ile ya kila mtumishi kupokea amri kutoka kwa mkuu mmoja tu. Taylor alitaka kibarua awe na wanyapara 8, kila mmoja na utaalamu wake, wa mwendo, wa matengenezo, wa nidhamu na kadhalika. Fayol, aliyezoea migodi ambamo amri mbili zinazopingana huweza kuua, aliona huo ni mkanganyiko. Lakini hakutaka pia karatasi zipande na kushuka ngazi zote za ofisi kwa jambo dogo, hivyo akapendekeza daraja kati ya maofisa wa ngazi moja walio katika idara tofauti, ili washauriane moja kwa moja mradi wakuu wao wana habari. Alilalamika kwamba shule za uhandisi za Ufaransa ziliwajaza vijana hisabati zisizowafaa kazini huku zikiacha kuwafundisha kuendesha watu. Dai lake kwamba usimamizi unafundishika ndilo lililohalalisha kuwapo kwa kozi nzima, ingawa wasomaji wengi wa Kiingereza hawakulipata hadi tafsiri ya mwaka 1949.

Utumishi ulichelewa zaidi. Katika kiwanda cha Hawthorne cha Western Electric, karibu na Chicago, majaribio yaliyoanza mwaka 1924 yalinuia kupima kama mwanga zaidi huongeza uzalishaji, nayo yakashindwa kutoa jibu. Kuanzia mwaka 1927 kikundi kidogo cha wanawake waliounganisha vipuri vya simu kiliwekwa katika chumba cha peke yake, kikabadilishiwa saa za mapumziko, chakula na malipo, na uzalishaji ukaelekea kupanda. Elton Mayo, Mwaustralia aliyekuwa Harvard, aliyafasiri matokeo hayo kuwa ushahidi kwamba uhusiano kati ya watu kazini una nguvu kuliko mwanga au hata ujira. Jambo ambalo vitabu vya kiada hulitaja kwa nadra ni kwamba wanawake wawili waliondolewa katikati ya jaribio kwa kuonekana wanaongea mno na hawashirikiani, nafasi zao zikachukuliwa na wengine. Somo lililokuja kusifiwa kwa kumsikiliza mfanyakazi lilianza kwa kuwaondoa waliosema.

Masoko na fedha nazo zina historia fupi darasani. Kozi za kwanza za masoko katika vyuo vikuu vya Marekani zilianza mwanzoni mwa karne ya 20, zikichochewa kwa sehemu kubwa na swali la wakulima: kwa nini bei ya mazao shambani ni ndogo hivyo na ya dukani ni kubwa hivyo? Fedha ilikua kutokana na haja ya makampuni kama Du Pont kulinganisha faida na mtaji uliowekezwa katika kila idara. Mwaka 1955 Harold Koontz na Cyril O'Donnell walichapisha kitabu cha misingi ya usimamizi kilichopangwa kwa kufuata kazi alizozitaja Fayol, zilizoongezwa na kurekebishwa, na mpangilio huo ukaenea duniani.

Afrika Mashariki iliukuta mpangilio huo ukiwa tayari. Dar es Salaam ilipata Chuo cha Elimu ya Biashara mwaka 1965, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, benki na makampuni makubwa yalipotaifishwa, haja ya mameneja iliongezeka ghafla. Mzumbe ikapata Chuo cha Uongozi wa Maendeleo mwaka 1972, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaunda Kitivo cha Biashara na Menejimenti mwaka 1979. Lakini kati ya miaka hiyo nchi ilikuwa imeliuliza swali la madaraka kwa namna yake. Waraka wa Rais wa mwaka 1970 uliagiza mabaraza ya wafanyakazi yaundwe katika mashirika ya umma, na Mwongozo wa chama tawala, TANU, wa mwaka 1971 uliwakemea viongozi wenye kiburi na dharau kwa walio chini yao. Wafanyakazi waliuchukua Mwongozo kama ulivyoandikwa: migomo ikafuatana, na mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel jijini Dar es Salaam waliingia hatua ya kukiendesha wenyewe. Hoja yao, kwamba anayeamriwa naye ana haki ya kumhoji anayeamuru, haimo katika kazi 5 za Fayol wala katika saa ya Taylor, na hadi leo haijapewa sura yake katika vitabu vinavyofundisha misingi ya usimamizi.