Kuapa, Kuapiza na Kutukana: Somo juu ya Amri ya Pili



Ndugu wapenzi, amri ya pili yatukataza kulitaja bure jina la Mungu. Kila tunapoifundisha, vilimani na hata hapa mjini Bukavu, maswali huwa ni yale yale. Mama auzaye sambaza sokoni Kadutu asema, "Haki ya Mungu, hizi zimevuliwa usiku huu," naye ajua vema kwamba ni za juzi: ametenda dhambi gani? Mzee amemlaani mwanawe kwa hasira: je, laana itamshika mtoto? Na kijana aliyeapishwa porini, akaambiwa kwamba akifungua kinywa atakufa, aweza kurudi kwenye Sakramenti? Twataka kuwajibu wote watatu. Lakini tutapita kwanza katika njia ya historia, kwa kuwa mambo haya ni ya kale kuliko misioni, na watu wengi huyachanganya kwa kutojua yalikotoka.

Tuanze na lugha yenyewe. Twasema kuapa, na twasema kuapiza. Kuapa ni kumwita Mungu awe shahidi wa neno letu. Kuapiza ni kumtakia mtu mabaya. Maneno hayo mawili ni ya shina moja. Wafaransa nao wana neno moja tu, jurer, kwa mtu anayeapa barazani na kwa mlevi anayeropoka njiani. Si ajabu, kwa maana kiapo cha kale kilikuwa ni apizo ambalo mtu alijitakia mwenyewe: nikisema uongo, mabaya fulani yanipate.

Mfano mmoja twaujua vizuri. Mwezi wa Aprili 1876 msafiri Stanley alikutana na Mirambo, mtawala mwenye nguvu wa Unyamwezi, katika nchi iitwayo leo Tanzania. Wawili hao walikuwa wameogopana kwa muda mrefu, kisha wakakata shauri kuwa ndugu wa damu. Manwa Sera, mkuu wa wapagazi wa Stanley, aliwachanja kidogo mguuni, akachukua damu ya huyu akaipaka kwenye chale ya yule. Hapo akatamka masharti. Atakayeuvunja udugu huo, aliwaambia, simba amle, nyoka amwume, chakula chake kiwe kichungu, rafiki zake wamwache, na bunduki yake impasukie mikononi. Hapakuwa na karatasi wala muhuri. Laana ndiyo iliyokuwa muhuri, na wote waliokuwapo waliielewa hivyo.

Agano la namna hiyo lilijulikana pia huku kwetu Bushi na ng'ambo ya ziwa, Rwanda, ambako laitwa igihango. Wenye kuapatana walionjana damu, na ilisadikiwa kwamba lile agano lenyewe litamwua mwenye kusaliti. Rwanda watu waliapa pia kwa jina la mwami wao aliyewapa ng'ombe. Na huko pwani mpaka leo wako wanaosoma albadiri ili mwizi asiyejulikana apatwe na balaa. Kiapo kikali kuliko vyote kilikuwa mwavi. Mtu aliyeshukiwa uchawi alinyweshwa sumu, akitapika, amesafika, akifa, hatia yake imethibitika. Ni wangapi wasio na kosa waliozikwa kwa namna hiyo, Mungu peke yake ndiye ajuaye. Sheria ya makosa ya jinai ya tarehe 30 Januari 1940 iliweka adhabu kwa majaribio hayo ya ushirikina, na ilifanya vema.

Hata hivyo tusiwahukumu wazee wetu kwa haraka. Mapadri Weupe walifika Ujiji mwaka 1879, na hapa Bushi walianza Nyangezi mwaka 1906. Watu waliowakuta hawakuwa watu wasiojali neno la kinywa. Walikosea juu ya nani mwenye nguvu ya kuadhibu, lakini kwamba kiapo ni kitu cha kutetemesha, hilo walilijua. Sisi tuliobatizwa twaapa kwa Mungu aliye hai kwa ajili ya kipimo kimoja cha sambaza, wala mkono hautetemeki. Nani kati yetu na wao amelidharau Jina zaidi?

Sasa tuangalie Maandiko. Katika kitabu cha Walawi tunasoma habari za mwana wa mama Mwisraeli na baba Mmisri, aliyegombana na mtu kambini akalitukana Jina, naye akapigwa mawe hata kufa. Wayahudi waliogopa hata wakaacha kabisa kulitamka Jina lenyewe, wakasema "Bwana" mahali pake. Yezu alikwenda mbali zaidi: alitufundisha tusiape hata kidogo, ndiyo yetu iwe ndiyo na siyo yetu iwe siyo. Tena alisema kwamba mwenye kumtukana ndugu yake ameingia katika njia ya hukumu. Naye Yakobo Mtume alishangaa kwamba ulimi ule ule wamhimidi Mungu na kuwalaani watu walioumbwa kwa mfano wake.

Je, basi kila kiapo ni dhambi? Wako Wakristo walioshika hivyo. Waquaker wa Uingereza, katika karne ya 17, walikubali kutiwa gerezani kuliko kuapa mbele ya hakimu. Wafuasi wao wako hata leo Burundi na hapa Kivu, na watu wasiwacheke. Eklezya Katolika yasoma maneno hayo pamoja na nyaraka za Mtakatifu Paulo, ambaye mara kadhaa alimwita Mungu awe shahidi wake katika jambo zito. Kwa hiyo yafundisha kwamba kiapo chaweza kuwa halali, tena kuwa tendo la ibada, kikiwa na mambo matatu aliyoyataja nabii Yeremia: ukweli, busara na haki. Shahidi barazani aapa vema. Rais wa nchi yetu, kwa Katiba ya mwaka 2006, aapa mbele ya Mungu na taifa. Kinachobaki ni kukitimiza.

Adhabu za watukanao Jina zilikuwa kali katika nchi za Ulaya za zamani. Sheria zilizokusanywa na Papa Gregori wa Tisa mwaka 1234 zilimwamuru mkufuru asimame mlangoni pa kanisa wakati wa Misa Dominika saba. Dominika ya mwisho asivae viatu, na kamba iwe shingoni mwake. Hayo yalikuwa malipizi ya Eklezya. Wafalme walizidisha. Mtakatifu Ludoviko, mfalme wa Ufaransa, alichukia matusi hayo hata mtu mmoja wa Paris akachomwa midomo kwa chuma cha moto. Mwaka 1268 Papa Klementi wa Nne alimsihi aadhibu bila kuumiza viungo vya mwili. Twapenda kulikumbuka jambo hili: mfalme alikuwa mtakatifu, na ilimpasa Papa kumpunguzia ukali.

Dawa nyingine ilikuwa njema zaidi. Mwaka 1274 Papa Gregori wa Kumi aliwaagiza Wadominikani wahubiri heshima ya Jina la Yezu. Na mwaka 1797 Padri Luigi Felici, Mjezuiti wa Italia, alitunga zile sifa fupi za kumtukuza Mungu na Jina lake, ziwe malipizi kwa ajili ya matusi. Ndizo zile tunazozisema baada ya Baraka ya Sakramenti Kuu, ingawa nyingine ziliongezwa baadaye. Wengi wetu twazijua kwa moyo tangu utoto, bila kujua kwamba zilianza kama jibu la midomo michafu.

Turudi kwa kijana wetu wa porini, maana swali lake ndilo gumu kuliko yote, na hapa Kivu si swali la kitabuni. Mwaka 1964 vijana wengi walijiunga na Simba. Walipewa dawa na waganga, wakawekewa miiko, wakaambiwa kwamba risasi zitageuka maji. Walipoanguka, kama walivyoanguka wengi hapa Bukavu mwezi wa Agosti mwaka ule, ilisemwa kwamba wamevunja mwiko. Ndiyo hila ya viapo vya namna hiyo: siku zote kosa ni la maiti. Tangu hapo makundi mengine yamepita katika misitu yetu na viapo vyake na maji yake, na vijana wamerudi nyumbani wakiwa na hofu ambayo hawathubutu kuisema hata katika kitubio.

Jirani zetu wa Kenya walipatwa na jambo hilo kwa namna nyingine. Katika miaka ya 1950 Wagikuyu wengi walikula kiapo cha Mau Mau. Wengi walikula kwa kupenda, kwa kuwa ardhi yao ilikuwa imechukuliwa, na malalamiko yao yalikuwa ya haki. Wengine walilazimishwa usiku. Kiapo kilisema kwamba atakayekisaliti, kiapo chenyewe kitamwua. Viongozi wa makanisa walikikataza, na wako Wakristo waliouawa kwa sababu walikataa kukila. Serikali ya wakoloni nayo, isiyosadiki mambo hayo hata kidogo, iliwatafuta waganga wawaapishe watu kiapo cha pili cha kufuta cha kwanza! Mwaka 1969, nchi ikiwa huru, baada ya kuuawa kwa Tom Mboya, watu walichukuliwa tena kwa magari kwenda Gatundu kuapishwa, na makanisa yakapinga hadharani.

Mafundisho ya Eklezya ni haya. Kiapo cha kutenda uovu hakimfungi mtu. Herode aliapa kumpa binti kila atakachoomba, akaombwa kichwa cha Yohane Mbatizaji. Alitenda dhambi kwa kuapa hovyo, akatenda nyingine kubwa zaidi kwa kutimiza. Katekisimu iliyotolewa mwaka 1992 yasema kwamba kiapo kinachodaiwa na wenye mamlaka wasio halali chaweza kukataliwa, na kikipinga heshima ya mtu au umoja wa Eklezya lazima kikataliwe. Aliyeapishwa kwa nguvu, kisu kikiwa shingoni, dhambi yake imepunguzwa na hofu ile, tena pengine hana dhambi. Aliyeapa kwa kupenda na aungame. Padri hatamtaka atapike kitu wala kuchinja mbuzi. Atamwondolea dhambi, basi, na jambo limekwisha.

Kwa mama wa sambaza jibu ni fupi. Kumwita Mungu awe shahidi wa uongo ni dhambi nzito kwa asili yake, ingawa samaki ni wadogo. Kama neno lilimtoka kwa mazoea tu, pasipo nia ya kuapa, kosa ni jepesi zaidi. Lakini uongo wa biashara wabaki palepale, na aliyenunua anadai fedha yake. Matusi ya mwili na ya wazazi, yanayojaa katika vijiwe vya magari, hayahusu Jina la Mungu; yavunja upendo na usafi, na uzito wake hupimwa kwa nia na kwa machozi ya aliyetukanwa.

Imebaki laana ya mzazi. Tunajua jinsi neno hilo linavyowaogopesha watu, hasa laana ya anayekufa. Maandiko yatuonyesha kwamba laana si mshale unaokwenda wenyewe. Balaamu aliitwa awalaani Waisraeli, na kinywa chake kikatoa baraka. Shimei alimlaani Daudi njiani na kumtupia mawe, naye Daudi akamwachia Mungu hukumu, akaendelea na safari yake. Kitabu cha Methali chafananisha laana isiyo na sababu na ndege anayeruka asipate pa kutua. Mungu hakumkabidhi mtu yeyote, hata baba, nguvu ya kumwangamiza asiye na kosa. Mwana aliyelaaniwa kwa sababu alibatizwa na alale usingizi. Lakini mzazi aliyetamani kweli mwanawe aharibike ametenda dhambi kubwa, hata kama mtoto hakupatwa na kitu.

Usiku wa kuingia tarehe 1 Desemba 1964, huko Isiro, Sista Anuarite Nengapeta aliuawa na afisa mmoja wa Simba kwa sababu alikataa kuvunja nadhiri yake ya useja. Kama wazee wanavyosema, saa ile ndiyo saa ya laana yenye nguvu kuliko zote. Yeye alimwambia mwuaji wake kwamba anamsamehe. Tarehe 15 Agosti 1985 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri mjini Kinshasa, akatangaza pia kwamba Eklezya yote yamsamehe mwuaji, aliyekuwa bado hai.

Wazazi wengine hutuuliza wafanye nini ili kuondoa neno walilolisema. Katika makabila mengi ya Afrika ya Mashariki mzee hunywa maji kidogo, akayapuliza, akatamka baraka mbele ya ndugu. Maji hayana kosa, mradi watu wasidhani kwamba uwezo umo ndani yake. Sisi twawaambia hivi: nenda kwanza kitubioni, kisha mwite mwanao, hata akiwa Bujumbura au Kinshasa, umwambie kwa kinywa kile kile kwamba umekosa, na akifika nyumbani, mwekee kidole kwenye paji la uso, umpige alama ya msalaba, kama ulivyofanya siku ile alipobatizwa.