Taka za Kariakoo, Moshi wa Tabata

Alfajiri malori hushusha ndizi, viazi, nyanya na machungwa Kariakoo. Jioni soko huacha nyuma vikonyo vya ndizi, majani ya kabichi, matenga yaliyovunjika, mifuko ya plastiki na nyanya zilizopondeka. Soko hilo, lililochorwa na msanifu majengo Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, limelisha jiji kwa vizazi. Mabaki yake nayo yalipaswa kwenda mahali, na kwa miaka mingi mahali hapo palikuwa Tabata, kilomita chache tu upande wa magharibi.

Huko Tabata taka ziliungua, na moto wa dampo haufanani na moto wa kuni. Sehemu kubwa ya taka za Dar es Salaam ni mabaki ya vyakula, mabichi na yenye maji, kwa hiyo haziwaki vizuri, zinafuka. Joto hujificha chini ya rundo kwa siku nyingi, na humo plastiki, matairi, matambara na masalia ya viwandani huungua nusunusu kwa kukosa hewa. Kuungua kwa namna hiyo ndiko kunakotoa moshi mbaya kuliko wote, mzito, wenye masizi na sumu, unaotambaa chini chini hadi vyumbani ambamo watoto wamelala.

Kwa nini Tabata? Jibu linaanzia mbali kidogo. Wajerumani, na baada yao Waingereza, waliligawa jiji kwa rangi za watu: Uzunguni kandokando ya bahari, Uhindini katikati, Waafrika upande wa bara. Kariakoo yenyewe ilipata jina lake kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza kilichopiga kambi hapo baada ya Dar es Salaam kutekwa mwaka 1916. Uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kati ya Kariakoo na mji wa maduka, kwa hoja ya afya. Mtu akisimama leo kwenye uwanja huo na kuelekea baharini, ataielewa hesabu ya mgawanyo huo bila kusoma ramani yoyote. Kaskazi hutoka baharini. Kusi nayo hutoka baharini. Waliokaa ufukweni walipata upepo ukiwa mpya. Waliokaa bara waliupata ukiwa umekwisha kupita juu ya mji mzima.

Viwanda navyo vilipokuja vilijipanga kando ya Barabara ya Pugu, ambayo sasa ni Barabara ya Nyerere, na karakana za Gerezani zikabaki ukutani mwa Kariakoo. Mji uliendelea kupanuka, na nyumba za Tabata zikazidi kulisogelea dampo. Kulilaumu jiji kwa kukosa mahali pazuri pa kutupa taka ni rahisi. Lililo gumu kulielewa ni kwamba lilipoambiwa watu wanaumwa, liliendelea.

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu. Shauri lao, la madai namba 299 la mwaka huo, liliishitaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kwa harufu, nzi na moshi. Wakati ulikuwa umewafaa. Haki za binadamu zilikuwa zimeingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, lakini utekelezaji wake ukasimamishwa kwa miaka mitatu, hadi Machi 1988. Kwa hiyo mlango ulikuwa umefunguka tu, na miongoni mwa waliopita mapema walikuwa watu waliochoka kukohoa.

Walishinda. Halmashauri iliamriwa kuacha kutumia Tabata na kutafuta mahali pasipohatarisha afya ya mtu. Ikaomba muda, kisha ikaomba tena. Mwaka 1991 ombi la kuongezewa muda lilifika mbele ya Jaji Lugakingira, naye alilikataa kwa maneno ambayo wanasheria wa mazingira wa Tanzania wanayarejea hadi leo. Alisema hajapata kusikia mamlaka ya umma ikienda mahakamani kwa kujiamini kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Akaegemea ibara ya 14 ya Katiba, ile ya haki ya kuishi. Hapo ndipo uzito wa shauri ulipo: Katiba haikuwa na neno juu ya hewa safi, lakini jaji aliona kwamba haki ya kuishi haiwezi kutenganishwa na hewa ambayo mtu anaivuta.

Malori yakahamia Kunduchi Mtongani, eneo lililopangwa kwa makazi. Wakazi wa huko hawakungoja. Walifungua shauri namba 90 la mwaka huohuo wa 1991, na Jaji Rubama akaizuia Halmashauri.

Jiji sasa halikuwa na pa kutupa, na huu ndio upande wa historia hii unaouma. Mradi wa Sustainable Dar es Salaam ulipoanza mwaka 1992, taka zilizokuwa zikizolewa zilikuwa chini ya asilimia 5 ya zilizozalishwa. Zilizobaki zilifukiwa uani au zilichomwa palepale, vichochoroni, mbele ya milango. Moshi uliofukuzwa Tabata ulirudi mitaani vipandevipande. Dampo likafunguliwa Vingunguti, baadaye Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi. Na mwaka 1994 kampuni binafsi ikapewa kazi ya kuzoa taka za katikati ya jiji.

Mombasa wameipita njia hiyohiyo kwa uchungu zaidi. Katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia wakazi sumu ya risasi kwa moshi na vumbi. Phyllis Omido, aliyewahi kukifanyia kazi na ambaye mwanawe aliathirika, aliongoza mapambano hadi mwaka 2020 mahakama ilipowapa wakazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mahakama ya Juu iliithibitisha Desemba 2024.

Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 iliandika wazi kile ambacho watu wa Tabata walilazimika kukiazima kwenye ibara ya 14: kila anayeishi nchini ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na anaweza kuidai mahakamani. Kanuni za viwango vya ubora wa hewa zilifuata mwaka 2007.

Malori ya taka sasa hutoka Kariakoo kwa Barabara ya Nyerere, hupita viwanda, hupita uwanja wa ndege, yakielekea Pugu. Moto huzuka kwenye dampo la huko pia, na nyumba zimekwisha kulifikia.