Jeraha Lisiloonekana

Mwaka 1987 mdogo wangu alikuwa utingo wa lori la mkonge huko Korogwe. Siku moja ya mvua lori liliteleza, naye akarushwa kutoka juu ya marobota akaangukia kichwa. Alilala hospitalini siku kumi na moja bila fahamu. Katika wiki ya tano tukaruhusiwa kumchukua, na alitembea mwenyewe mpaka kwenye gari. Mama alipiga vigelegele. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nami usiku ule niliwaandikia ndugu wote barua kwamba kijana amepona.

Hakuwa amepona. Alikula, alivaa, aliamkia wakubwa kwa adabu. Lakini ukimtuma chumvi, alisahau alichotumwa kabla hajafika dukani. Hasira ilimpanda kwa jambo dogo, na baada ya saa moja ungemkuta analia. Kelele za watoto zilimuumiza kichwa. Alilala mchana kutwa, tukamwita mvivu. Baadhi ya majirani walisema karogwa, wengine walisema ni bangi za barabarani. Nywele zilikwisha kuota juu ya kovu, kwa hiyo hatukuwa na cha kuwaonyesha watu. Mwenye mguu uliovunjika hupishwa njiani, lakini aliyevunjika ndani ya kichwa hugombezwa. Uchumba wake nao ukavunjika kabla mwaka haujaisha.

Mimi nilitaka kumponya kwa njia ya ualimu. Kila jioni nilimkalisha na ubao mdogo nikamdai jedwali la kuzidisha, kama mtoto wa darasa la pili. Jioni moja aliutupa ubao ukutani ukapasuka. Ndipo nikamwambia mama, naye akisikia: "Mama, huyu si yule tuliyempeleka hospitali. Yule alikufa barabarani." Mama akanijibu, "Mwanangu, hujafa hujaumbika. Usimzike nduguyo angali anakula."

Miaka mingi baadaye, nilipokwisha kustaafu, nilianza kusoma habari za watu walioumia ubongo, na katika historia hiyo nikayakuta maneno yangu mwenyewe. Tarehe 13 Septemba 1848, huko Cavendish katika jimbo la Vermont, Marekani, kijana wa miaka 25 aliyeitwa Phineas Gage alikuwa akisimamia upasuaji wa miamba kwa ajili ya njia ya reli. Baruti ililipuka, na mtaimbo wa kushindilia wenye urefu wa zaidi ya mita moja na uzito wa kilo sita hivi ukaingia shavuni na kutokea utosini. Hakufa. Daktari wake, John Harlow, alimuuguza mpaka akasimama. Lakini baadaye Harlow aliandika kwamba tabia ya Gage ilikuwa imegeuka: mtu mtaratibu amekuwa mkaidi na mwenye matusi, asiyeshika mpango wowote. Rafiki zake walisema kwamba huyu si Gage tena. Niliposoma hapo nilifunga kitabu. Watu wa Vermont walinitangulia kwa karibu miaka mia moja na arobaini.

Kwa muda mrefu vitabu viliishia hapo, kana kwamba Gage alibaki mtu wa kuharibika tu. Watafiti wa miaka ya karibuni, hasa Malcolm Macmillan wa Australia, walifuatilia maisha yake yaliyobaki. Walionyesha kwamba alirudi kwa wazazi wake, kisha akafanya kazi katika zizi la farasi, na mwaka 1852 akaenda Chile. Huko aliendesha magari ya abiria ya kukokotwa na farasi kwa miaka kadhaa. Hiyo si kazi ya mtu aliyeharibika. Yapaswa kuamka mapema, kuwatayarisha farasi, kuwapokea wasafiri, kushika njia na saa. Macmillan anaona kwamba utaratibu huo wa kila siku ndio uliomsaidia kujenga upya sehemu ya yale aliyopoteza. Gage alifariki mwaka 1860, akiwa na miaka 36, baada ya kushikwa na kifafa. Kwa hiyo hakupona kabisa, ila kati ya mtaimbo na kaburi aliishi miaka kumi na zaidi, na kwa mingi ya hiyo alikula jasho lake.

Nilipoisoma habari ya Chile nilimkumbuka mzee mmoja, mwuza kahawa wa mtaani kwetu. Mwaka 1988 alikuja nyumbani akasema, "Mwalimu, niazime mdogo wako. Magoti yananisumbua. Yeye abebe dele, mimi nitabeba vikombe." Nilimwambia kwamba kijana hawezi hata kukumbuka chumvi. Mzee akanijibu, "Sitamtuma chumvi. Nitakwenda naye."

Walianza pale watu walipotoka kuswali alfajiri, wakaenda stendi ya mabasi, wakaingia sokoni, wakapumzika wakati wa jua kali, na jioni wakamalizia kwenye baraza la wacheza bao. Njia ilikuwa ile ile na saa zile zile. Mdogo wangu hakuhitaji kukumbuka, maana kila kituo kilimleta kwenye kinachofuata. Akipandwa na hasira, mzee aligonga vikombe na kusema, "Tukae chini ya mwembe kidogo." Wateja nao walijifunza. Mtu akinywa alisema kwa sauti, "Nimekunywa viwili na kashata moja, hii hapa pesa, chenji yangu ni kadhaa." Hakuna aliyewafundisha kufanya hivyo. Mtaa mzima ukawa wodi bila kujua. Baada ya miaka miwili hivi alianza kwenda peke yake. Mimi niliacha jedwali, nikamnunulia daftari la kuandika wadeni wake.

Hata hilo la daftari nilikuja kulikuta katika historia. Mwaka 1943 askari wa Kisovieti aliyeitwa Zasetsky alipigwa risasi kichwani vitani. Alipoteza kusoma, na hata upande wa kulia wa vitu hakuuona. Tabibu Alexander Luria, aliyekaa naye kwa miaka mingi, alieleza jinsi askari huyo alivyogundua kwamba akiuacha mkono uende wenyewe, bila kufikiria herufi moja moja, anaweza kuandika. Akaandika karibu miaka 25, kurasa zaidi ya 3,000, ingawa mwenyewe alishindwa kusoma vizuri alichokiandika.

Kuna jambo jingine nililolielewa kwa kusoma. Zamani wengi walioumia ubongo vibaya walikufa, hivyo swali la kuishi nao halikujitokeza sana. Mwaka 1935 mwandishi na askari T. E. Lawrence alianguka na pikipiki akafa baada ya siku sita. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, alichunguza vifo vya waendesha pikipiki, na mwaka 1941 akachapisha ushahidi kwamba kofia ngumu zinaokoa. Mwaka 1971 mashine ya kupiga picha ndani ya fuvu ilitumika kwa mgonjwa wa kwanza huko London. Mwaka 1974 Graham Teasdale na Bryan Jennett wa Glasgow walitoa kipimo cha fahamu ambacho kingali kinatumika hospitalini leo. Watu wengi zaidi wakaanza kurudi nyumbani hai, na nyumbani hapakuwa na aliyewaandaa wenyewe wala jamaa zao.

Waliojibu swali hilo walikuwa familia. Mwaka 1979 huko Uingereza kilianzishwa chama kiitwacho Headway, ambacho kilieneza vikundi na vituo mijini, mahali pa kukutana, kufanya kazi za mikono na kueleweka. Mwaka 1980 huko Massachusetts, Marilyn Price Spivack, ambaye binti yake aliumia katika ajali ya gari mwaka 1975, alianzisha pamoja na mumewe chama cha taifa cha walioumia kichwa. Walichoka kuambiwa kwamba hakuna mahali pa kumpeleka mtoto wao. Mwaka 1996 bunge la Marekani likapitisha sheria ya kwanza iliyohusu watu hao. Nilifurahi kusoma hayo, na niliumia pia, kwa sababu mama yangu hakuwa na chama. Alikuwa na mwuza kahawa.

Mzee yule alifariki mwaka 1998. Mdogo wangu angali anauza kahawa kwenye njia ile ile. Hakuoa. Majina ya wanangu huyachanganya mpaka leo, na akichoka maneno humpotea. Siku moja nimekaa kwenye benchi lake, ghafla akaniuliza, "Kaka, ni kweli ulimwambia mama kwamba mimi nilikufa barabarani?" Mtu asahauye chumvi alikuwa ameshika sentensi hiyo miaka yote. Nikamwambia, "Nilisema. Nisamehe." Akanimiminia kikombe, akanyamaza kidogo, kisha akaninyooshea kiganja, akasema, "Lipa, kaka."

Msomaji, barabara zetu leo zimejaa pikipiki, na karibu kila mtaa una kijana aliyerudi hospitalini akitembea, akila, na hata hivyo hajarudi sawa. Mvalishe kofia ngumu abiria wako kabla hayajatokea. Yakitokea, usimpime kila jioni kuona amepungua kiasi gani. Muulize daktari mabadiliko gani yatarajiwe, uwaeleze majirani kwamba si ulevi wala uvivu, umpe usingizi wake, umpe daftari, umpe kazi ndogo yenye njia moja na saa moja. Zaidi ya yote chunga ulimi wako mbele yake, kwa kuwa hujui ni neno lipi katika yote atakalolikumbuka.