Kuchangia Gharama: Nani Alilipia Udongo?

Kwa Mtanzania aliyepita chuo kikuu tangu miaka ya 1990, maneno "kuchangia gharama" yana maana moja tu: serikali imekunja mkono wake, nawe utie wako mfukoni. Yalikuja na ada za vyuo na malipo ya hospitali. Katika kilimo cha Marekani maneno hayo hayo yamekuwa na maana iliyo kinyume kwa takribani miaka 90. Huko shamba ni la mkulima, kazi ni ya mkulima, na anayechangia ni serikali.

Chanzo chake ni vumbi. Katika miaka ya 1930 nyanda za Kansas, Oklahoma, Texas, Colorado na New Mexico, zilizokuwa zimelimwa kwa pupa wakati bei ya ngano ilipopanda, zilipatwa na ukame, na udongo ukaondoka na upepo. Jumapili ya tarehe 14 Aprili 1935 ukuta wa vumbi uligeuza mchana kuwa usiku. Hugh Hammond Bennett, mtaalamu wa udongo aliyekulia shambani North Carolina, alikuwa amehubiri juu ya mmomonyoko kwa miaka mingi bila kusikilizwa sana. Siku kumi na tatu baada ya Jumapili ile, Sheria ya Hifadhi ya Udongo ilitiwa saini.

Hata hivyo, fedha za kumlipa mkulima hazikutoka kwenye vumbi peke yake. Zilitoka pia mahakamani, na jambo hili husahauliwa mno. Serikali ya Roosevelt ilikuwa ikiwalipa wakulima wapunguze mazao ili bei zipande. Januari 1936, katika shauri la Butler, Mahakama ya Juu ilibatilisha mpango huo, ikisema serikali kuu haina mamlaka ya kuongoza uzalishaji wa mashambani. Wabunge hawakulala. Kabla ya Februari kwisha walikuwa wamepitisha sheria nyingine: sasa mkulima atalipwa kwa kuhifadhi udongo, yaani kwa kupunguza pamba, ngano, mahindi na tumbaku, mazao yanayochosha ardhi, na kupanda nyasi na jamii ya kunde. Mazao yaliyotajwa kuwa yanachosha ardhi yalikuwa, kwa sehemu kubwa, yale yale yaliyozidi sokoni. Hifadhi ilipewa kazi mbili tangu kuzaliwa kwake: kuokoa udongo na kupitisha ruzuku pale ambapo mahakama ilikuwa imefunga mlango.

Sidhani hilo ni la kulaumiwa. Sera ya hifadhi inayomwacha mkulima na njaa haidumu, na hii imedumu. Programu zilizozaliwa mwaka 1936 ziliendelea kwa majina mbalimbali mpaka mwaka 1996, kadhaa zilipounganishwa katika mpango wa motisha kwa ubora wa mazingira, maarufu kwa kifupi chake EQIP. Mkulima au mwenye ranchi huomba kwa hiari, mtaalamu wa serikali humsaidia kuandaa mpango, na mkataba husainiwa. Kazi yaweza kuwa uzio wa kugawa malisho, kinga ya mto, shimo la samadi au umwagiliaji usiopoteza maji. Serikali hulipa hadi asilimia 75 ya gharama. Asiyetaka haandamwi na mtu.

Hofu ile ya miaka ya 1930 ilivuka bahari. Maofisa wa kikoloni Afrika Mashariki walisoma habari za vumbi la Marekani na kuyaona mashamba yetu kwa macho hayo. Colin Maher, aliyesimamia hifadhi ya udongo nchini Kenya, alikwenda Marekani kujifunza na kutoa ripoti yake mwaka 1940. Matuta na kontua zilifika. Kilichobaki ng'ambo ni hundi. Huku mkulima aliletewa sheria ndogo, faini na kazi ya lazima.

Matokeo tunayajua. Murang'a, mwaka 1948, wanawake walikataa kuchimba matuta. Katika milima ya Uluguru mpango wa matumizi ya ardhi uliwataka Waluguru wachimbe matuta ya ngazi kwenye miteremko yenye udongo mwembamba. Uchimbaji ulifukua udongo usio na rutuba, na mavuno yakaumia. Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mpango ukaporomoka, na TANU, chama cha mwaka mmoja tu, kikapata wasikilizaji. Wakoloni waliandika kwamba Mwafrika haelewi hifadhi. Lakini Machakos, ambako nako matuta ya kulazimishwa yalichukiwa, wakulima baadaye walichimba wenyewe mengi kuliko yale ya amri, soko lilipolipa. Na mtindo wao wa "fanya juu" umeingia katika vitabu vya uhandisi wa kilimo kwa jina lake la Kiswahili.

Uhuru haukubadilisha tabia hiyo kwa kiasi tulichopenda kuamini. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliamriwa kuondoka katika eneo lililomomonyoka la Kondoa. Uoto ulirudi, hilo halina ubishi. Gharama ya kurudi kwake iliwaangukia wenye ng'ombe.

Wanaotaka kuiga hundi ya Marekani, hata hivyo, waitazame vizuri. Katika majimbo ya kusini malipo ya kupunguza pamba yalipitia kwa wenye ardhi, na wengi wao waliwafukuza wapangaji waliolima kwa kugawana mavuno. Ndiyo sababu mojawapo ya kuundwa kwa chama cha wapangaji hao Arkansas mwaka 1934, weusi na weupe pamoja. Tena mchango wa serikali kwa kawaida hulipwa kazi ikiisha. Asiye na fedha za kuanzia hajengi, na asiyejenga halipwi. Mwanzoni mwa 2025 sehemu ya fedha hizo iliposimamishwa kwa muda huko Washington, waliokwisha kujenga kwa mikopo wakijua watarudishiwa ndio waliobaki na madeni.

Marekebisho yamechelewa, lakini yapo. Sheria ya 2008 iliruhusu wakulima wapya, wenye kipato kidogo na wa makundi yaliyobaguliwa walipwe hadi asilimia 90, na sehemu ya fedha itolewe kabla ya kazi: kwanza asilimia 30, na tangu sheria ya 2018 angalau 50. Kwa ofisa wa halmashauri anayeandika andiko la mradi wa matuta leo, kifungu hicho cha malipo ya awali ndicho cha kusoma kwanza, kabla hajafika kwenye michoro.